Kitambaa cha Sitaha ya Sultani

Watu wanaingia soko la Zhongda, kule Guangzhou, China, wakiangalia juu. Vitambaa vimepangwa mpaka darini, na mnunuzi mgeni hutembea shingo imeinuka, mdomo wazi. Mkalimani yeye aliingia akiangalia chini. Siku ya kwanza nilidhani ameangusha kitu, nikamuuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Sijapoteza kitu. Natazama watu wanakanyaga nini." Nikasema moyoni, haya, leo nimepewa kichaa anitafsirie.

Sikuwa na la kufanya. Mimi nauza mapazia Mombasa, na wakati huo Kichina changu chote kilikuwa "tai gui le", yaani ghali mno, na hata hilo nililitamka vibaya mpaka wenye maduka wakacheka. Kwenye mkahawa wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika, tunakokula wali na samaki, waliniambia, mchukue yule Mzanzibari, hasemi uongo. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Wachina walimwita mwalimu kwa lugha yao, Wakongo walimwita "monsieur", sisi wa Kiswahili tulimwita Mkalimani, basi. Na mimi sitalitaja jina lake hapa, kwa kuwa hakupenda litajwe.

Kweli hakusema uongo, na ilinichosha. Wengine wote wakikutafsiria wanachuja. Ukitukana, wao wanasema umesikitika kidogo. Mkalimani alipeleka neno kama lilivyo. Mara moja nilichoka na laoban mmoja, bosi wa duka la nyavu za madirisha, nikasema kwa Kiswahili, "Mwambie ana roho ngumu kuliko mama mkwe wangu." Sikukusudia afikishiwe! Mkalimani akageuka akamfikishia. Yule bwana akanitazama, kisha akauliza, huyo mama mkwe bado yuko hai? Tukacheka wote na bei ikashuka. Mara nyingine nilimwambia, "Mwambie mume wangu yuko hospitali, anifikirie." Mkalimani akaniuliza mbele ya watu, "Wewe una mume?" Nikamwambia sina tena, lakini wao watajuaje? Akasema, "Mimi najua. Sasa nitafsiri nini?" Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

Alizaliwa lini na kwa nani, sijui wala sikuuliza. Ninachokijua nilikiokota kidogo kidogo tukisubiri, maana biashara ya Guangzhou nusu yake ni kusubiri: laoban amalize chakula, kitambaa kikatwe, gari la mizigo lipite. Alikuja akiwa kijana, kwa ufadhili, asomee ujenzi wa meli. Hakumaliza. Kwa nini hakumaliza hakusema, na ukimchokonoa alikuuliza kama umeshakula. Kilichobaki cha masomo yale kilikuwa kitu kimoja tu kichwani mwake, nacho ni sitaha za merikebu za wafalme. Tena si sitaha yenyewe, bali kile kilichotandikwa juu yake.

"Nyinyi mnatazama matanga," alikuwa akiniambia. "Kila picha ya merikebu, mchoraji kachora matanga, kachora bendera, kachora mizinga. Mfalme alikanyaga nini? Hakuna anayeuliza."

"Alikanyaga mbao, mzee. Meli ni mbao."

"Mabaharia ndio waliokanyaga mbao. Walizisugua kwa mchanga na jiwe kila asubuhi mpaka zikawa nyeupe. Mfalme hakanyagi mbao."

Halafu alikuwa akianza, na mimi na njaa yangu nikisikiliza. Siku mfalme anapanda, zulia jekundu lilitandikwa kutoka ngazini. Juu kilifungwa chandarua cha turubai asiunguzwe na jua. Lakini pale nyuma kwenye tezi, alipokaa mwenyewe na wageni wake, na ndani ya chumba chake, palitandikwa kitu ambacho Mkalimani alikitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja mchumba. Turubai zito, aghalabu tanga kuukuu, lililopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, kisha likachorwa miraba myeusi na myeupe. Ukilitazama kwa mbali unaapa kwamba ni sakafu ya marumaru.

Nikamuuliza kwa nini marumaru, si wangechora maua. Akasema, "Kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na marumaru. Mfalme naye akifika baharini anakumbuka kwao. Wakamchorea sakafu ya kwao."

"Mfalme mzima anadanganywa na rangi!"

"Hadanganywi. Anajua ni rangi. Anataka mguu tu usahau uko wapi."

Sikujua nicheke au nifanyeje. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha plastiki, mbali na watoto wangu, nimeshika risiti za mapazia, na machozi yakanilenga bila sababu. Nikamwambia twende tukale.

Ukimsikiliza hivyo utadhani ni mtu wa bahari. Thubutu! Alikuwa anaogopa maji. Pale Guangzhou kuna feri za kuvuka Mto wa Lulu, nauli ndogo, upepo mzuri, watu wanapiga picha. Miaka yote niliyomjua hakupanda hata moja. Tukitoka Xiaobei kwenda Zhongda alinipitisha kwenye treni ya chini ya ardhi, inayopita chini ya mto huohuo. Nikamuuliza, "Aka, mzee, chini ya mto na juu ya mto pana tofauti gani?" Akasema, "Chini siyaoni." Nilimcheka mpaka abiria wakageuka. Yeye hakucheka, alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Na chumba chake mwenyewe kilikuwa saruji tupu. Hakuna zulia, hakuna mkeka isipokuwa wa kusalia, ambao aliukunja akimaliza. Wakati wa baridi sakafu ile ilikuwa inauma nyayo. Nilimletea zulia dogo, zuri, la bei yangu ya jumla. Akanishukuru sana, akampa mwanafunzi mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akikaa ghorofa ya juu. Nilikasirika. Akasema yeye si mfalme. Nikamwambia wewe si mfalme, lakini una baridi yabisi.

Jambo lililonishinda kabisa kumwelewa lilikuwa hili. Wanafunzi wakimaliza masomo, wafanyabiashara wakikawia, yeye ndiye aliyewafukuza. "Kata tiketi, nenda kamwone mama." Aliwatafutia ndege za bei nafuu, akawasindikiza kituoni, akawakemea kwa simu wasiowapigia wazazi. Kijana mmoja wa Nairobi alikaa miaka bila kwenda kwao kwa aibu ya hasara, na Mkalimani alimkalia kooni mpaka akaondoka. Yeye mwenyewe tangu aje hakurudi Unguja hata kwa msiba wa mama yake.

Nilimuuliza siku moja, bila kuzunguka. Tulikuwa tunasubiri lifti ya mizigo. "Mzee, kwenu hutaki?"

Akasema, "Walinisindikiza mtaa mzima. Dufu lilipigwa mpaka uwanja wa ndege. Walisema kijana wetu anakwenda kujifunza kuunda meli. Sasa nirudi na nini? Na Kichina?"

Aliyekuwa amebaki kwao ni dada yake mkubwa. Huyo alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala, na Mkalimani alikuwa na tabia ya kuweka simu kwa sauti, aishike mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo. Kwa hiyo sote tulimjua Dada Mkubwa. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mwanamke aliyezoea kuita watoto kutoka uani. Mazungumzo yao hayakubadilika.

"Mdogo wangu, unakuja lini?"

"Dada, leo nimeona turubai la pamba tupu, halina uzi wa nailoni hata mmoja."

"Mashaallah. Unakuja lini?"

"Hili likipakwa rangi ya mafuta litakaa miaka, dada. Laini, zito."

"Haya. Umekula?"

Na akisema amekula, dada anauliza amekula nini, nani kapika, chumvi ilikuwa sawa. Mimi nilikuwa namsikiliza nikiona wivu, maana kwangu wanaonipigia wanauliza mzigo umefika wapi.

Ikatokea bwana mmoja mwenye hoteli Unguja akaja kununua vitu vya hoteli yake. Alikuwa amejenga mbele ya hoteli mfano wa merikebu ya sultani wa zamani, mkubwa kama merikebu yenyewe, umekaa nchi kavu, wageni wapande wale chakula juu yake. Mbao zilikuwa za kubahatisha na zilianza kupasuka, kwa hiyo alitaka kuzifunika kwa plastiki ya sakafuni iliyochapishwa mistari ya mbao. Nilikuwa nao dukani, yeye na Mkalimani, maana mapazia aliyanunua kwa kusindikizwa na mimi. Laoban akauliza anataka rangi ipi.  Mkalimani, mtu ambaye katika miaka yote hakuwahi kuongeza neno lake katikati ya maneno ya watu, siku ile aliliacha swali la Kichina hewani, akamgeukia yule bwana.

"Usiweke plastiki," akamwambia. "Nitakutengenezea kile wafalme walichokuwa wanatandika."

"Merikebu ya sultani huyu ilikuwa nacho?"

"Hilo sijui na sitakuambia uongo. Merikebu za namna hii zilikuwa nacho."

Yule bwana alikuwa mtu mzuri, nadhani pia alipenda neno sultani. Akakubali. Mkalimani alitoka pale anatembea haraka, nikawa namkimbilia nyuma na mifuko yangu. Jioni hiyo, tukiwa mkahawani Xiaobei, hakusubiri Ijumaa, akapiga simu mwenyewe. "Dada, nimepata cha kuja nacho," akasema. Upande wa pili tukasikia vigelegele. Dada Mkubwa, na umri wake, alikuwa amesimama uani kwake anapiga vigelegele peke yake. Mkahawa mzima uliacha kula.

Alikodi chumba kirefu cha chini nyuma ya Zhongda, kilichokuwa karakana ya kushonea mashati. Akatandaza turubai, akalivuta kwa misumari pembe zote, akalipaka gundi nyepesi, kisha rangi iliyokorogwa na mafuta ya kitani. Akasubiri likauke. Akalisugua kwa jiwe mpaka likawa laini, akapaka tena. Akasubiri tena. Nilikuwa nikija Guangzhou na kuondoka na kurudi, nikamkuta yuko tabaka jingine. Ukigusa juu unaona limekauka, lakini alinikataza kusema limekauka. "Juu ni ngozi tu. Maji huwa yanaondoka, mafuta hayaondoki, yanageuka yawe kitu kigumu. Hayaharakishwi." Wakati anachora miraba alipiga magoti kutwa nzima, akasimama kwa kushika ukuta. Wallahi ilikuwa kazi nzuri. Nami nauza vitambaa, najua kitambaa kizuri nikikiona.

Mwenye hoteli akaanza kusukuma, kwa sababu msimu wa wageni ulikuwa umekaribia. Mkalimani alitaka kusubiri zaidi, lakini akaona aibu kumkawiza mtu aliyemwamini. Akakizungusha kitambaa kwenye bomba nene, karatasi katikati, akaandika juu kwa Kichina: kisikunjwe, kisibanwe. Akakipeleka kago Xiaobei, kwa vijana wa Kichina wafungaji mizigo aliokuwa akiwasaidia miaka na miaka, kuwasomea barua za watu, kuwapatanisha na wateja. Yeye angefuata kwa ndege wiki ambayo mzigo ungefika. Tiketi alikuwa amekwisha kukata. Nilimsaidia kuchagua khanga za dada.

Sasa, kila aliyewahi kutuma vitambaa kutoka Guangzhou anajua wanavyofanya. Kontena halilipiwi kwa uzito tu, linalipiwa kwa nafasi. Kwa hiyo nguo inatiwa kwenye mashine, inabanwa mpaka bunda la kukufika kiunoni linakuwa la magotini, inafungwa mikanda. Ni huduma. Kumfanyia mtu bure ni heshima. Wale vijana waliliona bomba lile, wakaona Mwalimu wao atalipia hewa, wakamwonea huruma. Walilitoa bomba. Wakakikunja kitambaa vizuri, kwa mikono safi, wakakibana kwa mashine bila kumtoza chochote. Yale maandishi walidhani ni yale yale wanayoandika watu wote kwenye kila mzigo.

Rangi ilikuwa bado mbichi ndani. Njiani, katika joto la kontena, kitambaa kikajipika. Mwenye hoteli alituma video. Wanaume wawili wanavuta, kitambaa hakifunguki, kimegandana kama chapati zilizopangwa moto bila mafuta. Walipovuta kwa nguvu, miraba ikabanduka ikabaki upande mwingine. Chini turubai lilikuwa limeungua rangi ya kahawia. Mkalimani aliitazama video ile mpaka mwisho, akairudia. Mimi nilianza kulaani, nikasema nakwenda sasa hivi kwa wale wajinga wa kago, nitawaonyesha kazi. Akanishika mkono.

"Usiwaambie," akasema. "Walinipenda. Wakijua watalia."

"Wewe je?"

"Mimi nitatengeneza kingine."

Nilimwambia, mzee, nenda nyumbani. Tiketi unayo. Khanga unazo. Mwenye hoteli amekwisha kutandika plastiki yake, na hakulaumu, ameandika kiungwana kwamba kitambaa kikija siku yoyote kitapata mahali. Nenda! Akanitazama kama mtu niliyemwambia atoke nje bila nguo. Tiketi akairudisha. Ijumaa ikafika, simu ikalia.

"Mdogo wangu, wiki hii unakuja, eti?"

"Dada, kitambaa kimeharibika njiani."

"Pole, mdogo wangu. Pole sana. Na wewe, umeharibika?"

"Mimi mzima."

"Basi njoo. Mimi kitambaa sikukuagiza."

"Naanza kingine, dada. Hiki sitakiharakisha."

 Dada akamuuliza kama amekula.

Nilirudi Mombasa, nikaja tena majira ya unyevu. Anayeishi Guangzhou anayajua, wenyeji huyaita huinantian. Baridi inapoondoka hewa ya bahari inarudi imebeba maji, na kuta zinatoka jasho. Sakafu inalowa bila mvua, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu siku moja. Kitambaa cha pili kilikuwa kimefika tabaka la mwisho, miraba imekwisha, kizuri kuliko cha kwanza, na hakikauki. Mkalimani alikuwa amehamia mle karakanani. Alikuwa na mafeni mawili, na makaa kwenye ndoo ya kuvuta unyevu, na kitambaa kikavu cha kufutia matone darini yasije yakadondoka kwenye rangi. Alikuwa amekonda. Alinisalimu akitazama dari.

Hapo ndipo akaja mpwa wake, binti wa Dada Mkubwa. Ni mwanamke mtu mzima, mpole, anauza viatu Unguja, kwa hiyo viza hakuhangaika sana, na wengi walidhani amekuja kununua viatu soko la Zhanxi. Hakununua hata jozi moja. Nilimpeleka mimi mpaka karakanani. Alimbusu mjomba wake mkono, akakaa chini mlangoni, akasema moja kwa moja.

"Mjomba, Mama hainuki tena. Amesema nisirudi peke yangu. Tiketi yako hii hapa."

Mkalimani akaketi naye. Aliuliza ugonjwa ni nini, anakula nini, nani anamgeuza. Alilia bila kujificha. Nikashukuru Mungu, nikajua amekwisha kukubali. Kisha akatazama kitambaa.

"Kikauke tu," akasema. "Hali ya hewa ikigeuka, siku chache tu. Nikikifunga leo na unyevu huu, ukungu utakila chote."

"Mjomba, Mama hana siku za kungoja rangi."

"Nitakuja nacho. Nimwonyeshe."

Nikaingilia, samahani zangu. Nikasema, "Mzee, nipe ufunguo. Mimi niko hapa mpaka mzigo wangu uondoke. Nitawasha mafeni, nitafuta dari, nitalala humuhumu."

Akanijibu kwa upole kabisa, na ndiyo maana iliniuma: "Wewe pia unanipenda." Sikuelewa kwanza. Kisha nikawakumbuka vijana wa kago, nikafunga mdomo.

Mpwa wake alibembeleza kwa siku alizokuwa nazo. Alimpikia mle ndani. Alimpigia mama yake simu, akamweka mjomba aongee, na sauti ya Dada Mkubwa ilikuwa imekuwa ndogo mpaka tukazima mafeni ili tuisikie. Hakuuliza tena unakuja lini. Aliuliza, "Hicho kitambaa, kikoje?" Mkalimani akamweleza. Weusi wa miraba, weupe wake, jinsi mstari wa katikati unavyokwenda sawa na ubao wa katikati wa sitaha. Alieleza muda mrefu, na kila akitua, ile sauti ndogo ilisema, "Ehe." Binti alitoka nje akasimama kwenye kichochoro. Siku ya safari yake aliondoka na tiketi moja isiyo na mtu. Nilimsindikiza mimi, kwa sababu mjomba alisema matone yameanza upya.

Dada Mkubwa alikufa unyevu ukiwa bado haujaisha. Niliambiwa pale mkahawani Xiaobei, na watu wakaniambia Mkalimani amepewa habari kwa simu, amesema inna lillahi, amefunga mlango. Nilikwenda nikagonga. Hakufungua. Nilisikia mafeni yanazunguka ndani. Nikaacha chakula mlangoni, kesho yake nikakuta bakuli limeoshwa.

Hewa iligeuka ghafla, kama inavyogeuka kule. Kuta zikakauka, jua likaingia mpaka vichochoroni, kila dirisha likaning'inizwa mashuka. Mzigo wangu ulikuwa umeondoka na mimi nilikuwa naondoka siku ya pili yake. Nilikwenda kumuaga. Safari hii mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa amekitandaza chote. Mafeni yamezimwa, ndoo ya makaa imetolewa. Ile miraba ilikwenda kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, inang'aa kidogo tu, na kwa kweli, mtu angeniambia nimeingia jumba la mfalme nisingebisha. Mkalimani alikuwa amekaa pembeni, kwenye saruji, miguu ameikunja isikiguse. Nilimpa pole ya msiba. Akaipokea. Nikakaa naye. 

Baadaye akasema, "Alikuwa ananiuliza nakuja lini. Mimi nikawa namjibu habari za turubai. Miaka yote dada yangu ananiuliza hili, namjibu lile. Mtu ninayeishi kwa kupeleka maneno ya watu."

Nilitaka kumwambia asijilaumu. Sikuweza, kwa sababu ilikuwa kweli, na nilimpenda.

Simu ikalia. Alikuwa mpwa wake, kwa video. Uso umevimba, khanga za msiba za jamaa zake zikionekana nyuma kwenye kamba. Aliuliza hali, akaulizwa hali. Kisha akasema, "Mjomba, nionyeshe." Mkalimani akaigeuza simu, akaipitisha polepole juu ya miraba yote, mpaka mwisho, akairudisha.

"Kizuri," mpwa akasema. "Kizuri sana, mjomba." Akapangusa pua. "Mama alikuwa ananiuliza kila asubuhi, kimekauka? Namwambia bado kidogo, Mama. Kesho tena, kimekauka? Bado kidogo. Siku ile ya mwisho nilimdanganya. Nilimwambia kimekauka, mjomba yuko njiani. Alifurahi mno. Akanituma nikutandikie kitanda, akanikalia kichwani mpaka nikabadilisha shuka, eti lile la kwanza limechakaa." Akatazama nyuma yake. "Sijakitandua bado. Sijui nikifanyeje."

 Mkalimani akanipa simu. Mpwa akasema nitapiga tena mjomba, nikakata mimi.

Nje mtu alikuwa anapita na mkokoteni wa vitambaa, anapiga kelele watu wampishe. Mkalimani akanigeukia, yeye aliyewakatia tiketi nusu ya watu wa Xiaobei, akaniuliza kama mgeni aliyeshuka leo:

"Ndege za kwetu zinaondoka siku gani?"

Nikamwambia ipo kesho, tutaondoka pamoja. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, "Na kitambaa?"

Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya mraba mweupe uliokuwa karibu naye, akakandamiza kwa nguvu zake zote. Akakiinua kiganja, akakitazama. Kilikuwa safi, hakina rangi.

"Kimekauka," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.